Kabla hujanunua dawa ya kuzibua mirija

Kwa miaka mitatu, chini ya kitanda changu hapakukosa chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji ya mizizi, ya kahawia, machungu mpaka machozi yanatoka. Kikombe asubuhi, kikombe usiku. Mama aliyeniuzia alisema mirija yangu ya uzazi imeziba. Hakunipima chochote, lakini nilimwamini, kwa sababu nilitaka sana mtoto.

Mirija haikuwa imeziba. Tatizo langu halisi nilikuja kulijua nilipofanyiwa ultrasaundi. Daktari alinigeuzia kioo, nikaona vidoa vyeusi vimejipanga pembezoni mwa kifuko cha mayai kama shanga kwenye uzi. Ni mayai yaliyoanza kukua yakakwama, hayapevuki. Hali hii wengi tunaisikia kwa herufi zake, PCOS. Dalili nilikuwa nazo siku zote: hedhi inayokuja baada ya siku 40, mara nyingine 60, na vindevu nilivyokuwa naving'oa kwa siri.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kama mmeshatafuta mtoto mwaka mzima bila kinga, au miezi sita ikiwa umefika miaka 35, nendeni mkapime kwanza. Na nendeni wawili. Mume wangu aligoma miezi minne, na mimi nikaendelea kuchomwa sindano za vipimo peke yangu, wakati kipimo cha mbegu ndicho rahisi kuliko vyote: siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa, basi. Siku aliyokubali alikiweka kikopo chini ya shati kisipoe, akapanda bodaboda ili kifike maabara ndani ya saa moja. Siku ile sitaisahau.

Kipimo cha mirija hufanywa hedhi ikishakwisha, yai likiwa bado halijapevuka. Dawa huingizwa kwenye kizazi, kisha unapigwa eksirei. Inauma kama hedhi kali, kwa dakika chache. Kwangu dawa ilipita pande zote mbili. Kama mirija ingekuwa imeziba, labda kwa makovu ya ugonjwa wa zinaa wa zamani kama klamidia, hakuna mzizi wala juisi ya kuizibua. Hapo daktari huzungumzia upasuaji au kupandikiza mimba.

Chakula kina kazi yake, ila si kwa kila tatizo. Kwa hali yangu kilisaidia sana. Nilikuwa na kilo 86. Niliambiwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu kunaweza kurudisha kupevuka kwa mayai. Nikaacha soda na chai ya vijiko vitatu vya sukari. Ugali ukawa wa dona, wa kiasi cha ngumi yangu, na nusu ya sahani mchicha au matembele, pembeni dagaa au maharage. Jioni nashuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani, natembea. Miezi mitano, kilo 6 zikaondoka, na hedhi ikaanza kuja kila baada ya siku 35. Ila kama wewe ni mwembamba sana na hedhi imekata, ushauri wako ni kinyume: huenda unatakiwa kula zaidi.

Foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, ianze kabla ya mimba. Haiongezi yai. Inalinda ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, ambavyo hujengeka mapema mno, mara nyingi mama bado hajajua kama ni mjamzito.

Kisha nikaandikiwa letrozoli, vidonge vya kusaidia yai kupevuka, vya siku tano mwanzoni mwa hedhi, na ultrasaundi ya kufuatilia yai. Mzunguko wa tatu nikashika mimba. Tafadhali usijinunulie duka la dawa: mayai yanaweza kupevuka zaidi ya moja, na lazima kwanza ihakikishwe huna mimba tayari.

Ukienda kliniki, beba tarehe za hedhi zako za miezi sita, ziwe zimeandikwa. Ndilo swali la kwanza nililoulizwa, na sikuwa na jibu.