Kabla hujaandika "nya" ubaoni

Juzi kuna mwalimu wa Mbagala kanitumia ujumbe. Ajira mpya, kapewa darasa la kwanza, zamu ya mchana, watoto 112 chumba kimoja. Anasema sauti imemkauka, na kilichommaliza kabisa ni silabi ya nya: kaiandika, darasa likavunjika, hakulipata tena mpaka kengele. Anauliza, afanyeje wanyamaze?

Suala la kunyamaza tuliweke pembeni. Watoto 112 wa miaka sita hawanyamazi, na siku wakinyamaza nenda kaangalie kuna nini. Kelele za darasa la kwanza nyingi si utundu. Ni penseli imevunjika, ni choo, ni mtoto amemaliza kazi hana la kufanya, ni kicheko. Kila kimoja kina dawa yake, na fimbo haimo.

Anza na penseli, maana hiyo ndiyo inayoinua mikono mingi. Tafuta makopo mawili ya maziwa ya unga. Kopo la kwanza lina penseli 20 zilizochongwa kabla ya kengele, ncha zikitazama chini. La pili ni la wagonjwa. Penseli ikivunjika, mtoto anakuja kimyakimya, anamlaza mgonjwa wake, anachukua nzima, anarudi kukaa. Haombi wala hanyooshi kidole. Makopo yaite wodi, utaona wanavyoilinda kuliko kiranja anavyolinda ubao.

Penseli zikiwa haba, kata moja upate mbili, ila usikate kwa pigo moja. Mti unapasuka kwa urefu na kiini kinakatikakatika ndani, baadaye kila ukichonga ncha inadondoka, unamlaumu mtoto bure. Zungusha kisu pole pole mpaka ukaribie kiini, ndipo uvunje kwa mikono. Kisha chonga upande mmoja tu. Kipande chenye ncha mbili ni mkuki, hakichelewi kumtoboa jirani. Na nyembe ndogo mifukoni zikague kila Jumatatu asubuhi. Usimchape mtoto kwa hilo, aliyempa ni mzazi aliyekosa hela ya kichongeo. Chukua wembe, mrudishie mzazi mwenyewe.

Choo kinaambukiza. Mmoja akisema "mwalimu, naomba kwenda kujisaidia", kumi na tano wanakumbuka kuwa nao wamebanwa, na wengine kweli wamebanwa, kwa sababu mapumziko foleni ilikuwa ndefu wakachagua kula ubuyu. Usimkatalie mtoto wa darasa la kwanza. Ajali ikitokea utapoteza muda mrefu kuliko ule uliokuwa unaubana, na yeye atapachikwa jina la utani mpaka amalize shule ya msingi. Tundika vibao viwili mlangoni, cha wavulana na cha wasichana, upande mmoja rangi nyekundu. Anayetoka anageuza nyekundu, akirudi anarudisha. Kibao kibaki kwenye msumari. Wapo walimu wanaomvisha mtoto kibao shingoni aende nacho, halafu wanashangaa kinarudi kimelowa.

Kisha hesabu za muda. Kipindi ni dakika 30. Ukiita majina 112 kwa sekunde tatu tatu, zimekwenda zaidi ya dakika tano, na hapo hujahesabu taarifa za mtaa zinazoambatana na rejista: "Hajaja, mama yake kajifungua." "Baba yao kalala sebuleni." Habari ya namna hiyo ipokee kwa "ahsante, kaa", uso usibadilike, na isifike ofisi ya walimu. Panga mistari minane ya watoto 14, kila mmoja na mahali pake pa kudumu. Kiranja wa mstari anasema nafasi ipi iko wazi, wewe unajaza.

Madaftari vivyo hivyo. Sekunde 20 kwa daftari mara 112 ni dakika 37, kipindi kimekwisha na zaidi. Sahihisha mistari miwili kwa siku, madaftari 28, dakika tisa na ushee. Mistari mingine wabadilishane madaftari na wakosoe kwa jibu la ubaoni. Siku nne umewapitia wote, Ijumaa ni ya waliokuwa hawapo. Anayewahi kumaliza achore alichokisoma. Usimwambie "kaa kimya usubiri", hajui kusubiri.

Usiulize pia "mmeelewa?" Utajibiwa "ndiyooo mwalimuuu" na darasa zima, akiwemo aliyekuwa anatafuna kifutio. Sema "andikeni hewani ko", kisha angalia mikono. Inayokwenda kinyume utaiona ukiwa umesimama palepale.

Masika ikifika, mvua ikipiga bati, sauti yako haipo. Usishindane nayo. Weka tayari kazi ya kunakili ambayo maelezo yake hayahitaji mdomo.

Sasa nya. Mtoto anaijua toka nyumbani, anajua ni neno la kukatazwa, leo analisikia kwa mwalimu, limeandikwa kwa chaki, na anaambiwa alisome kwa sauti. Kwake hiyo ni sikukuu. Ukigonga meza umemfundisha kuwa neno lina nguvu juu yako, kesho utalisikia likinong'onwa nyuma. Ukiiruka uende nyi, wakubwa watakukumbusha. Na nyo ukiivuta kidogo tu ni kejeli ya mtaani.

Usiiandike peke yake. Njoo na nyanya moja kutoka sokoni, nzima, nyekundu. Inyanyue, waulize ni nini. Watapiga kelele "nyanya!", waache. Andika nyanya, wasome wote, halafu funika nusu ya pili kwa kiganja. Kilichobaki ni nya. Kicheko kitakuja, lakini kidogo, maana mdomo umeshalitamka ukiwa na akili ya mboga. Hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo, ukitabasamu, ukiwatazama. Ukifika tano, piga kofi moja kwa kila silabi nao wafuatishe: nya-ma, nyo-ka, nyu-ki, nya-si. Nyumba iache kwanza, ina mba ambayo wengi bado hawajaizoea. Tabasamu hilo ni sehemu ya somo. Kwa maoni yangu, silabi iliyochekewa ni nadra kusahauliwa.

Kosa utakaloliona madaftarini ni "niama". Anasikia n, anasikia i, anaandika alichosikia, na masikio yake hayajakosea sana. Mwambie aweke ulimi bapa juu, ugusane na kaakaa, atamke mara moja bila kukata. Kisha zungushia ny duara moja ubaoni, waite pacha: hawaachani, na katikati yao hapiti mtu. Kila neno la siku hiyo lichorewe picha pembeni. Mtoto akifika nyumbani akatangaza "leo mwalimu katufundisha nya", mzazi afungue daftari aone nyanya imechorwa, hasira ipungue kabla hajaifuata shule.

Halafu kadi za silabi. Jioni, kabla ya kuzipeleka darasani, zimwage zote mezani, unganisha mbili mbili kwa kila upande usome kwa sauti. Ma na vi zisikae kwenye bahasha moja. Usipozipitia, watakuunganishia wenyewe na kusoma kwa pamoja, kwa sauti safi, bila kosa hata moja, mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akiwa amekaa dawati la nyuma na kalamu mkononi.