Mwanangu kapandikizwa uloto, ndugu wanataka kuja kumwona, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi dada nesi. Mwanangu ana miaka 9, alikuwa na selimundu (sikoseli), kapandikizwa uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, huko Dodoma na aliyemtolea ni dada yake wa damu. Leo ni siku ya 112 tangu apandikizwe, tumerudi nyumbani Morogoro wiki iliyopita. Mtoto anakula, anacheka, shida yangu ni watu. Mama mkwe kaja toka Ifakara na maziwa mgando, majirani kila jioni hodi, wanataka kumshika, nikikataa naambiwa naringa kwa sababu mtoto kapona. Juzi usiku alipata joto 38.2 nikampa panadol likashuka, sikumwambia mtu. Halafu humu ndani kuna wifi yangu ana kichanga cha miezi 2. Nimechoka dada, niambie kipi cha lazima na kipi naweza kuachia.
Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Dada yangu pole na hongera kwa safari yote hiyo, ila naanza na ile panadol maana imenishtua. Joto likifika 38 kwa huyu mtoto ni dharura, iwe saa nane mchana au saa nane usiku, unapiga simu kwa timu iliyompandikiza na unaanza safari ya hospitali. Panadol inashusha joto tu, bakteria wanabaki kwenye damu wanaendelea na kazi yao wewe ukidhani kapona, kwa hiyo usimpe kabla hujaongea nao. Na wapigie leo hiihii uwaambie ya juzi, hawatakugombeza.

Kitu kingine, ukifika kituo cha karibu watampima malaria, sawa apimwe, lakini wakikwambia hana malaria nendeni nyumbani, usiondoke. Sema palepale kwa sauti, huyu kapandikizwa uloto, anatumia dawa za kushusha kinga, anahitaji kipimo cha damu na antibayotiki ya sindano haraka, na asikae kwenye benchi na wanaokohoa. Karatasi ya hospitali inayoonesha kapandikizwa iwe kwenye mkoba wako muda wote, na weka nauli ya usiku pembeni isiguswe hata chumvi ikiisha.

Sasa kwa nini ni hivyo wakati huenda umeambiwa chembe nyeupe za damu zimepanda? Zimepanda kweli, ila kinga yake inajifunza upya kama ya mtoto mchanga, inaweza kuchukua mwaka hadi miwili, na chanjo alizopata utotoni usizihesabu tena, atarudia kwa ratiba ya daktari wake. Zile za virusi hai kama surua hazigusi kabla ya miaka 2, na hata ikifika hapo lazima awe ameacha dawa za kushusha kinga, kwa hiyo wakipita na kampeni ya surua mtaani wewe waoneshe karatasi. Akikaa karibu na mwenye surua au tetekuwanga piga simu siku hiyohiyo, usisubiri vipele. Na watoto wengi wa selimundu bandama, inayosaidia kupambana na bakteria, imeshachoka toka zamani, ndo maana wakisema aendelee na penisilini aendelee, hata kama anaonekana mzima.

Mama mkwe. Huyu usimfukuze jamani, kaja kwa mapenzi. Maziwa mgando hapana, yanatokana na maziwa mabichi, mwambie bibi maziwa ayachemshe yatokote mjukuu anywe yakiwa freshi, na umpe jiko, apike uji, ndizi, maharage, kila kitu kiive na kiliwe cha moto. Kachumbari ya kununua, mayai ambayo hayajaiva vizuri, juisi za barabarani, hivyo vyote bado. Balungi pia hapana, linavuruga dawa kwenye damu. Na dawa ya mizizi hata ikitoka kwa bibi mwenyewe hapana.

Wageni wakae barazani, wanawe kwa sabuni, mwenye mafua asalimie kwa simu. Na hilo la kuambiwa unaringa, mi naomba baba yake ndo awaambie ndugu zake, sio wewe, maana maneno yakitoka kwako yanakuwa ugomvi wa mkwe na yakitoka kwake yanakuwa amri ya daktari.

Kichanga aendelee na chanjo zake, zinamlinda na kaka yake pia. Ila matone ya polio na ya rota yana virusi hai vinavyotoka kwenye choo cha mtoto kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mwanao asiguse nepi wala asilale naye, wifi anawe kila akimbadilisha, na timu yenu ijue kuna kichanga ndani kabla hajapewa matone mengine ya polio. Kufagia asiwepo chumbani, tumieni kitambaa kibichi, maana ukungu unaokaa kwenye vumbi ukiingia mapafuni ni mbaya sana. Banda la kuku na nyumba inayojengwa apite mbali.

Vya kuachia? Huna haja ya kuchemsha midoli wala kumfungia ndani. Akae kivulini nje pasipo vumbi, acheze na dada yake kama hana mafua, na wewe mkumbatie dada, mikono ikiwa safi mkumbatie sana.

SWALI: Mimi nina miaka 61, nilikuwa na saratani ya uloto, nikarudishiwa chembe zangu mwenyewe za kutengeneza damu miezi 7 iliyopita. Nimechoka septrini, naweza kuacha? Na shamba linanisubiri.
Mzee wa Muheza

JIBU: Shikamoo baba. Septrini inazuia nimonia fulani ya ukungu ambayo ikikupata sasa hivi ni balaa, wengi wanatumia miezi 6 au zaidi, ila wa kukuachisha ni daktari wako, muulize kliniki ijayo na usiache mwenyewe. Uliza pia umefikia wapi na chanjo za nimonia, mafua na homa ya ini. Shamba nenda asubuhi ukaangalie, uvae buti na glavu, ila kupukuchua mahindi, kugusa samadi na kupeta pumba waachie vijana mpaka daktari aseme.