Kwa wainjilisti wapya: msiishie mstari wa 11

Masoko ya tumbaku yakifunguliwa Urambo, Kaliua na Sikonge, mkoani Tabora, mikutano ya injili nayo hufunguliwa. Wainjilisti waliotoka chuoni juzi wanapanda jukwaani na Tito 2:11: "Maana neema ya Mungu iwaokoayo wanadamu wote imefunuliwa." Amina tatu, kwaya inapokea, watu wanakuja mbele, tunafunga kwa sala. Mwaka uliopita ilikuwa hivyo hivyo, na wa kabla yake. Vijana wetu, tunawapenda, na sauti mmejaliwa. Lakini Paulo hakuwa amemaliza sentensi.

1. Someni sentensi yote, yaani mstari wa 11 hadi wa 14. Neema imefunuliwa (11). Neema hiyo hiyo "yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia; tupate kuishi kwa kiasi, na haki, na utauwa" (12). Tunalitazamia tumaini (13). Na gharama yake: alijitoa nafsi yake atukomboe na maasi yote, ajipatie watu "walio na juhudi katika matendo mema" (14). Anayefundisha utauwa, yaani kumcha Mungu, hapo ni neema yenyewe, si mzee wa kanisa mwenye kipimo cha urefu wa sketi. Mhubiri anayeishia 11 anawaacha watu wamesamehewa na hawajui Jumatatu wafanye nini. Anayerukia 12 bila 11 anawapa kazi bila nguvu ya kuifanya, na kwa kweli huyu ndiye aliyejaa zaidi kwenye mitaa yetu.

Efeso 2 inapata ajali ile ile. Waulizeni watoto wa darasa la kipaimara: mstari wa 8 na wa 9, kwamba tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo, watawatiririshia bila kupumua. Waulizeni wa 10, "tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema," mtaona wanavyotazamana. Hawakujifundisha wenyewe kuishia hapo.

Kabla ya kuandika hubiri la Tito, soma waraka wote. Una sura 3 na mistari 46. Hata taa ya sola iliyochoka itakufikisha mwisho.

2. Angalieni mpangilio wa nyaraka. Paulo anakaa Warumi sura 11 nzima akieleza alichofanya Mungu, ndipo 12:1 anasema "Basi, ndugu zangu, nawasihi, kwa huruma zake Mungu." Efeso ni sura tatu, kisha 4:1. Kwa hubiri la nusu saa, dakika 15 zieleze kilichotendwa na Mungu, 10 zieleze maisha yanayotoka humo, 5 zitaje jambo moja la kufanya wiki hii. Jambo moja, si tisa. Tena litajeni kwa jina lake. "Acheni dhambi" haimgusi mtu aliyepaki majani mabovu katikati ya robota na mazuri juu, wala aliyeongeza maji kwenye asali. Mwambieni robota na asali, atajua mmefika nyumbani kwake.

3. Toba yenye deni la mtu mwingine. Hapa ndipo mnapoumiza watu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chukulia mkulima aliyekopeshwa mbolea na pembejeo nyingine kupitia chama cha msingi cha ushirika. Deni hukatwa tumbaku inapouzwa. Yeye amepitisha marobota yake kwa namba ya shemeji chamani, mengine amewauzia vishoka, wanunuzi wasio rasmi, usiku. Pale mkopo ulipodhaminiwa kwa pamoja, deni lake halikupotea: limekatwa kwenye malipo ya wenzake. Sasa amekuja mbele mkutanoni, analia, na kilio ni cha kweli. Mwinjilisti anamwekea mikono na kumsomea Mika 7:19, kwamba dhambi zimetupwa katika vilindi vya bahari. Ni kweli, zimetupwa. Kisha anasema, "Yamekwisha, usiyafikirie tena." Hapo amekosea, maana hayajaisha. Jumatatu huyu ndugu atapanga foleni kisimani na mwenzake aliyekatwa pesa za ada ya mtoto. Na Jumapili inayofuata mwinjilisti atahubiri kusamehe "saba mara sabini" akimtazama yule yule aliyekatwa! Akiacha kuja ibadani, tunasema ana roho ya uchungu. Jamani, ana hasara, na kanisa limesimama upande wa aliyemtia hasara, kwa jina la neema.

Upande wa pili yupo mzee anayesema, "Alipe kwanza, ndipo tumpokee." Huyo naye amegeuza malipo kuwa kiingilio.

Shikeni Luka 19 kwa utaratibu wake. Mstari wa 5, Yesu anajialika nyumbani kwa Zakayo kabla Zakayo hajaahidi hata senti. Mstari wa 8, Zakayo anasimama: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Mstari wa 9, "Leo wokovu umefika nyumbani humu." Ukianza na wa 8 umemfanya Zakayo mnunuzi. Ukiufuta, umewafuta watu wote wa Yeriko aliowaibia.

Sasa kazi yenyewe. Siku ile ile ya toba mwambieni wazi kwamba msamaha wa Mungu hausubiri malipo. Ndani ya wiki hiyo mtembeleeni nyumbani, mwinjilisti na mzee mmoja asiye ndugu yake wala karani wa chama. Aandike kwenye daftari lake mwenyewe: nani, kitu gani, kiasi gani, lini. Daftari hilo ni la mali. Mambo ya uzinzi yasiingizwe humo wala kupelekwa mlangoni kwa mtu kwa pupa, maana kuna ungamo linalompa raha aliyeungama na kumwachia mwingine kipigo; hayo yapelekeni kwa mchungaji faraghani.

Kisha aende kwa aliyemkosea, aseme mwenyewe. Ninyi kaeni kimya, ingawa najua ni vigumu. Msimdai mwenye hasara atamke "nimekusamehe" papo hapo. Muda ni wake.

Kiasi? Hesabu 5:7 inataka mali irudishwe kamili na kuongezwa sehemu ya tano: aliyechukua 300,000 anaongeza 60,000, jumla 360,000. Kutoka 22:1 inadai kondoo wanne kwa mmoja aliyeibwa na kuchinjwa au kuuzwa. Msiifanye hesabu hiyo kuwa sheria ya kanisa, ila itawasaidia mtu akitaka kurudisha nusu na kuimba haleluya. Kama hana, alipe kwa awamu zilizoandikwa, akiacha chakula cha watoto. Mwinjilisti asishike pesa hizo hata kwa dakika moja. Hapo ndipo majina ya watumishi yanapochafuka. Wala msimwahidi kwamba chama au polisi watamwachia. Hamna mamlaka hayo.

Na atakuletea fungu la kumi la tumbaku ile ile. Kataa, hata kama bati la kanisa linavuja. Fungu hilo lina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana kwa jina. Wakristo wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 walijulikana kwa kurudisha walichoiba, na majirani wasioingia kanisani waliiona toba hiyo kwa macho.

4. Msimwambie mtu asubiri hadi aive. Kuna wanaomzuia aliye na mashaka asiombe, asisome, asikaribie Meza ya Bwana, ati atakuwa anajitafutia wokovu kwa matendo. Kosa hili lina umri mkubwa. London, mwaka 1739, mwalimu wa kanisa la Moravian, Philipp Heinrich Molther, alifundisha kwamba asiye na imani kamili atulie na aache hayo yote kwanza. Jumuiya yao ya ibada ya Fetter Lane, humo London, ikagawanyika, na Julai 1740 John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, akatoka na wenzake, yeye aliyekuwa ameelekezwa kwenye imani na Mmoravian mwingine, Peter Böhler. Wamoravian wa Tabora wanaodhani neema inachukia utaratibu wakumbuke pia Herrnhut, kijiji cha Wamoravian huko Ujerumani: makubaliano ya maisha ya pamoja yalitiwa saini tarehe 12 Mei 1727, na uamsho kwenye Meza ya Bwana ukaja tarehe 13 Agosti. Hawakuyatupa makubaliano baada ya kububujikwa machozi.

5. Filipi 2:12, tuutimize wokovu wetu kwa kuogopa na kutetemeka, isisomwe bila 13, kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yetu. Basi.

6. Anayeanguka tena. Mathayo 18:15 inaanza na wewe na yeye peke yenu, si na matangazo ya ibada. Wagalatia 6:1 inataka arejezwe kwa roho ya upole. Kwa mlevi aliyerudi kilabuni, andikeni mambo matatu: anapita njia gani akitoka shambani, nani hukaa naye siku ya malipo, nani atamtembelea jioni hiyo. Jioni ya malipo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa hiyo zamu ya kwanza apewe mzee anayeishi karibu naye, na afike kabla ya saa kumi na mbili, kabla kilabu hakijachangamka.