Kutafuta kazi Malindi ukiwa na miaka 44 (au 22, au 58)

Mwezi wa tatu 2020 ndege za nje zilipofungwa kwa sababu ya korona, hoteli niliyokuwa nafanya ikatoa wageni wa mwisho na sisi tukaambiwa twende nyumbani tutapigiwa simu. Simu haikupigwa. Nilikuwa na miaka 44, watoto watatu, na kazi moja tu niliyoijua tangu niko msichana, lineni, yaani stoo ya shuka na taulo, kufua, kupiga pasi, kuhesabu.

Nawaandikia sasa manake kila mwaka masika ikianza na kusi ikishika, hoteli nyingi hapa Malindi na Watamu, pwani ya Kenya, zinafunga na watu wanarudi mitaani, na nawaona wakizunguka vile vile nilivyozunguka mimi. Miezi mitano, kila geti kuanzia mjini mpaka Mayungu naacha bahasha kwa askari, na barua zote zimeandikwa "naomba kazi yoyote". Jamani msiandike kazi yoyote! Yule anayesoma hajui akuweke wapi, anaifungia tu kwenye droo.

Kilichonitoa ni mchele. Tulikuwa tunachambua mchele wa arusi kwa jirani, mama mmoja akaniuliza, "Mama Salma, hivi pale hotelini ulikuwa ukifanya nini hasa?" Nikaanza kumwambia, nahesabu shuka zinazotoka na zinazorudi, doa la damu nalitoa kwa maji baridi kabla halijaona moto, napanga shifti ya watu sita, naandika daftari la stoo. Akaniacha nimalize, akasema, "Hiyo si ndiyo kazi wanayolilia pale hospitali ninapofanya, shuka zinapotea kila wiki." Hospitali hiyo nilikuwa nikiipita nje kila siku nikienda kuomba kazi hotelini. Niko hapo mpaka leo.

Kwa hivyo chukua daftari, andika mikono yako inafanya nini kuanzia asubuhi ukifika mpaka unatoka, usiandike cheo. Halafu jiulize nani mwengine ana shida na hicho kitu. Mpishi wa hoteli anaweza kwenda shule za bweni, anaweza kuulizia jikoni za viwanda vya chumvi kule Gongoni. Mjomba wangu alitolewa bustanini ana miaka 58, kila alipokwenda anaambiwa wanataka vijana, akaandika daftari lake akaona anachokijua zaidi ni miche, saa hii anamshikia mtu kitalu huko Gede na analipwa kwa mwezi.

Na kazi zina majira yake. Hoteli inayofungua mwezi wa saba, ukienda mwezi wa saba umechelewa, watu washapangwa. Nenda mwezi wa tano mwisho au wa sita, wakati wanapaka rangi na kukarabati, meneja yuko na hana wageni wa kumkimbiza, atakusikiliza. Ya Krismasi uanze kuulizia mwezi wa kumi. Chumvi inataka jua, usipoteze nauli kwenda huko mvua ikinyesha.

Kabla ya hayo yote lakini, hesabu pesa. Kodi, unga, mafuta, karo, ujue ulichonacho kinakufikisha wapi. Mimi nilihesabu nikiwa nimeshachelewa, kumbe nilikuwa na wiki saba tu, ningejua ningeanza kufulia watu wiki ya kwanza, siku mbili kwa wiki nikaziweka za kutafuta na zilizobaki za kibarua. Ukiwa na njaa unakubali mshahara wowote.

Makaratasi, hapa niliumia. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi unapoondoka, kinachoonyesha ulianza lini, ukaacha lini, kazi yako ilikuwa gani. Sikukiomba. Miaka yangu yote pale nikawa sina karatasi hata moja, ikabidi supavaiza wangu wa zamani anisemee kwa simu. Kiombe siku hiyo hiyo unatoka, kabla watu hawajatawanyika. Fundi ambaye hukusoma, kuna mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, unaanza gredi ya tatu unapanda, unapimwa kwa kazi unayoijua. Na cheti cha polisi cha tabia njema kinaombwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unaenda kutoa alama za vidole, anza mapema.

Vijana mnaotaka kwenda kufanya kazi nchi za Ghuba, nawaomba sana. Binti yangu ana miaka 22 alitoa shilingi 15,000 kwa ajenti ambaye baadaye simu yake haikushika tena. Kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na akikwambia "harakisha nafasi zinaisha", ondoka.

Na usifiche. Miezi yote mitano mimi nilikuwa natoka asubuhi nimevaa kama naenda kazini, majirani wasijue. Yule mama wa mchele tumekaa mtaa mmoja miaka 11, na nafasi ile ya hospitali, aliniambia baadaye, ilikuwa wazi tangu mwezi wa tano.