Maswali ya Wasomaji: Kumpima Farasi Kabla ya Mbio

Katika toleo hili tunajibu barua zinazohusu mbio za tambarare, yaani zile ambazo farasi hukimbia pasipo kuruka viunzi.

SWALI: Mheshimiwa mhariri, nimekuwa nikichagua farasi kwa kutazama tarakimu zilizoandikwa kando ya jina lake kwenye ratiba ya mbio. Aliyemaliza wa kwanza au wa pili mara ya mwisho ndiye ninayemchagua. Mbona mara nyingi anashindwa na farasi ambaye mara ya mwisho alikuwa wa sita au wa saba?

JIBU: Tarakimu hizo zinakueleza farasi alimaliza wa ngapi. Hazikuelezi alishindana na nani, kwa umbali gani, juu ya ardhi ya namna gani, akiwa amebeba uzito kiasi gani, wala aliachwa kwa pengo gani. Farasi aliyeshika nafasi ya saba katika mbio za daraja la juu, akiachwa kwa urefu wa farasi watatu tu, huenda alifanya kazi kubwa zaidi kuliko yule aliyeshinda mbio za daraja la chini dhidi ya wenzake ambao hawajawahi kushinda popote. Kwa hiyo, kabla ya kumtazama farasi, zitazame mbio alizotoka: walioshindana naye walifanya nini baadaye? Ikiwa watatu kati yao wameshinda tangu siku ile, nafasi yake ya saba haina budi kuhesabiwa upya.

Jambo la pili ni uzito, nami naamini ndilo linalokuumiza zaidi. Mbio nyingi za tambarare ni za handikapu: afisa wa mamlaka ya mbio humpa kila farasi alama kulingana na jinsi alivyokimbia siku zilizopita, kisha uzito hupangwa ili, kwa hesabu, wote wafike pamoja kwenye nguzo ya mwisho. Nchini Uingereza alama moja ni sawa na ratili moja, pungufu kidogo ya nusu kilo. Farasi akishinda, alama zake hupandishwa, na anaporudi uwanjani hubeba zaidi. Yule uliyemchagua kwa sababu alishinda anaulipia ushindi huo mgongoni, ilhali yule wa sita au wa saba, ambaye alama zake zimekuwa zikishuka mbio baada ya mbio, huenda leo amerudi kwenye uzito aliowahi kushinda nao. Tafuta alama aliyokuwa nayo siku ya ushindi wake wa mwisho, uilinganishe na ya leo.

Wapimaji wazoefu hugeuza pengo kuwa ratili. Katika mbio za mita 1,000 urefu wa farasi mmoja huhesabiwa kuwa kama ratili 3, katika maili moja kama ratili 2, na katika maili moja na nusu kama ratili 1.5, kwa kuwa kadiri mbio zinavyorefuka ndivyo pengo lile lile linavyokuwa sehemu ndogo ya safari nzima. Tuseme farasi wa kwanza alimshinda wa pili kwa urefu wa farasi wawili katika maili moja, wakiwa na uzito sawa. Pengo lao ni ratili 4. Wakikutana tena katika umbali huo huo, na yule mshindi akabeba ratili 6 zaidi ya mwenzake, hesabu inamweka aliyeshindwa mbele kwa urefu wa farasi mmoja. Mpanda farasi mwanafunzi naye hupunguziwa ratili kadhaa kwa sababu ya uchanga wake, na mwanafunzi hodari mwenye punguzo hilo ni neema ambayo wasomaji wengi huipita bila kuiona.

Umri nao umo katika hesabu hiyo. Katika nusu ya kaskazini ya dunia farasi wote wa mbio huhesabiwa kuwa wameongeza mwaka mmoja wa umri ifikapo Januari 1, hata kama mmoja alizaliwa Februari na mwingine Mei. Farasi wa miaka mitatu bado anakua, na ndiyo maana hupewa nafuu anapokutana na wakubwa: katika Prix de l'Arc de Triomphe, mbio kubwa ya Ufaransa inayokimbiwa Oktoba kwa mita 2,400 katika uwanja wa Longchamp, dume wa miaka mitatu hubeba kilo 3 pungufu ya dume mkubwa. Kwa mpimaji maana yake ni kwamba rekodi ya farasi mchanga huzeeka haraka. Alichofanya Aprili hakimwelezi ipasavyo alivyo Septemba, wakati rekodi ya farasi wa miaka sita kwa kawaida hubaki kuwa kipimo kizuri kwa muda mrefu zaidi.

Ardhi ninaiweka mwisho ingawa ningeweza kuianza. Kuna farasi ambaye kwenye ardhi ngumu ni hodari na kwenye ardhi iliyolowa hawezi hata kulishika kundi, na kuna wa kinyume chake. Tenganisha rekodi yake katika mafungu mawili, ya ardhi kavu na ya ardhi laini, nawe utashangaa jinsi farasi uliyedhani hatabiriki anavyotabirika. Soma pia taarifa ya hali ya uwanja saa chache kabla ya mbio, kwa sababu mvua ya asubuhi moja inaweza kuibatilisha tathmini nzima uliyoiandika usiku.

SWALI: Je, namba ya kisanduku cha kuanzia ina uzito wowote, au ni bahati nasibu tu isiyofaa kuhangaikiwa?

JIBU: Inategemea uwanja na umbali. Chester, nchini Uingereza, mzunguko wake ni kama maili moja tu na farasi hukata kona karibu muda wote. Anayeanzia kwenye namba za chini, karibu na ukingo wa ndani, husafiri njia fupi, na yule wa nje hulazimika ama kuzunguka kwa mbali ama kurudi nyuma atafute nafasi. Katika mbio fupi za hapo, mimi humwondolea sifa nyingi farasi wa kisanduku cha nje hata akiwa na rekodi nzuri. Kwenye njia iliyonyooka, kama ile ya maili moja ya uwanja wa Ascot, pia wa Uingereza, faida ya ukingo wa ndani haipo, lakini kundi kubwa huweza kugawanyika mara mbili, moja upande huu na moja upande ule. Hapo tazama farasi wenye kasi ya mwanzo wamepangwa upande gani, maana hao ndio watakaowavuta wenzao.

SWALI: Nilimwona farasi akitoka nyuma kabisa, akawapita kumi katika mita 300 za mwisho na kukosa ushindi kwa pua. Nikaamini kwamba mara inayofuata hakuna wa kumzuia. Akamaliza wa tano. Nilikosea wapi?

JIBU: Hukukosea kumwona. Ulichokosa ni kuwatazama wale waliokuwa mbele yake. Jicho linatuambia kwamba farasi anayetoka nyuma anaongeza kasi, kumbe mara nyingi yeye pia anapungua, ila anapungua polepole kuliko viongozi waliojimaliza mapema. Farasi anayeongeza kasi kweli kweli hadi mwisho ni adimu. Farasi Secretariat alipoishinda Kentucky Derby ya 1973, mbio mashuhuri ya Marekani, kila robo maili aliikimbia kwa muda mfupi kuliko iliyotangulia, kuanzia sekunde 25.2 hadi 23, na ndiyo maana mbio zile zinazungumzwa mpaka leo.

Kwa hiyo kabla ya kila mbio jiulize ni nani atakayeongoza. Pitia maelezo ya mbio za nyuma za kila farasi, uandike kando ya jina lake kama ana desturi ya kutangulia, kufuata kwa karibu, au kusubiri nyuma. Wakiwapo watatu au wanne wenye desturi ya kutangulia, watashindana mapema, wataunguza nguvu zao, na wale wa nyuma watapata mlango. Akiwapo mmoja tu, mpanda wake anaweza kupunguza mwendo apendavyo, akahifadhi pumzi, kisha akaenda shoti mita 500 kabla ya mwisho, na hapo hata farasi bora kuliko yeye hupata taabu kumfikia, kwa kuwa waliomfuata nao wamebaki na nguvu na hakuna anayerudi nyuma kirahisi. Nadhani farasi wako alipata mbio za aina ya kwanza siku uliyomwona, na za aina ya pili siku iliyofuata.

Hiki ndicho kipengele ninachokitumia muda mwingi kuliko vingine vyote, kwa sababu hakimo katika alama wala katika tarakimu za ratiba. Ni lazima ukijenge mwenyewe kwa kusoma na kutazama marudio ya mbio. Ukiipata picha hiyo vizuri, utaweza pia kumsamehe farasi aliyeshindwa vibaya: kiongozi aliyechuana na wengine watatu kwa mwendo mkali, kisha akaishia wa nane, huenda leo yuko peke yake mbele.

SWALI: Farasi wa miaka miwili wanaokimbia kwa mara ya kwanza nitawapimaje, ilhali hawana rekodi?

JIBU: Kwa nasaba, kwa kumbukumbu za mkufunzi, na kwa macho. Ndugu zake walishinda mapema au walichelewa, katika umbali gani? Wako wakufunzi ambao farasi wao hushinda siku ya kwanza, na wako wanaoifanya siku hiyo kuwa ya kujifunza tu. Farasi anayetoka jasho jingi na kupambana na lijamu wakati wa kutembezwa kabla ya mbio anaitumia nguvu ambayo angeihitaji baadaye. Zaidi ya hapo ushahidi ni mchache, na mimi huzipita mbio hizo.

SWALI: Rafiki yangu humwekea dau yule tu anayependelewa na wengi. Je, si njia salama?

JIBU: Anayependelewa zaidi hushinda takriban mbio moja katika kila tatu. Rafiki yako atashangilia mara nyingi, na bado fedha zake zitapungua, kwa sababu ya jinsi odi zinavyopangwa, yaani kiasi unacholipwa kwa kila shilingi moja ya dau farasi akishinda, dau lenyewe likiwamo. Chukua mbio za farasi sita wenye odi za 3, 4, 5, 6, 8 na 10. Gawanya 100 kwa kila odi, upate nafasi ya kushinda inayoashiriwa na odi hiyo kwa asilimia: 33.3, 25, 20, 16.7, 12.5 na 10. Jumla yake ni 117.5, ilhali nafasi za kushinda haziwezi kuzidi 100. Hizo 17.5 za ziada ndimo ilimo faida ya mchukuaji dau.

Kumtambua mwenye nafasi kubwa ya kushinda ni kazi moja, na kuamua kama odi yake inafaa ni kazi nyingine. Fanya ya kwanza kabla hujaziona odi, ukimpa kila farasi sehemu yake ya 100 kwa kuzingatia daraja, uzito, ardhi, kisanduku na mwendo unaoutarajia. Kisha linganisha. Ikiwa umempa farasi 40 na odi yake ni 2, inayodai 50, basi unaweza kuamini kwamba ndiye atakayeshinda na bado ukawa na sababu nzuri ya kutomwekea chochote. Ukimpa mwingine 25 naye yuko kwenye odi ya 5, inayodai 20, huyo anastahili. Usikimbilie odi kubwa mno kwa kudhani ndiko iliko thamani. Tangu 1949 watafiti wameonyesha kwamba farasi wa odi kubwa sana hushinda mara chache hata kuliko odi zao zinavyoashiria.

Kiasi cha fedha kipangwe kabla ya siku ya mbio, na kiwe kile ambacho kikipotea chote hakitaigusa nyumba. Kwa handikapu za farasi 20 na zaidi, ambazo ardhi yake imebadilika asubuhi hiyo, mimi huandika tathmini yangu kwenye daftari bila kuweka dau lolote, kisha mbio zinapokwisha hulifungua na kutafuta ni farasi yupi niliyempa alama zisizo zake, na kwa sababu gani.