Jibu: Michoro ya maduka Nkuhungu imerudishwa kwa kukosa mifumo ya zimamoto

Mkuu, kutundika mitungi ya kuzimia moto ukutani jengo likishaisha hakutoshi, ndiyo maana ghorofa yako ya maduka imekwama kwenye kibali. Mpe msanifu kazi ya kuonyesha kwenye mchoro vitambua moshi, king'ora, mipira ya maji ya kuzimia moto kila ghorofa na ngazi za dharura. Lifti haihesabiwi kama njia ya kutokea. Milango ya kutokea ifunguke kuelekea nje.

Ila kichwa kikuume zaidi kwenye tenki. Kwa mgawo wa maji wa hapa Dodoma, tenki moja la vyoo na la moto utalikuta tupu siku ya tukio. Bomba la vyoo litoke juu kwenye tenki, la moto chini kabisa, ili akiba ya moto isiguswe. Halafu wapelekee Zimamoto michoro waikague kabla hujamwaga msingi. Kubomoa ngazi baadaye ni hasara tupu.