Tiketi ya boti na matangazo ya hoteli

Dada yangu wa Wete, unauliza kama Gmail wanasoma barua zako, kwa vile uliletewa tiketi ya boti ya kuja Unguja na mara matangazo ya hoteli za Mji Mkongwe yakaanza kukuandama. Zamani ningekwambia ndiyo. Tangu Gmail ianze mwaka 2004, mashine zao zilikuwa zikipekua maneno ya barua ili kuchagua matangazo. Mwaka 2017 Google walitangaza kuwa wanaacha kutumia barua za watu kwa kazi hiyo.

Lakini hebu kumbuka, tiketi yenyewe uliikata vipi? Uliingia mtandaoni, ukatafuta bei, pengine na ramani ukaitazama. Hapo ndipo ulipoacha nyayo. Tovuti nyingi zina vidakuzi, yaani vijifaili vinavyowekwa kwenye simu au kompyuta yako, vinavyowapasha habari wenye matangazo. Na barua nyingi za biashara huwa na kijipicha kisichoonekana, ukiifungua tu mtumaji anajua. Hicho ndicho kinachoniudhi miye, hata hodi hakipigi!

Ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya matangazo, uzime yale yanayokulenga. Matangazo yatabaki, ila yale ya Google hayatakuwa yakikufuata wewe. Kisha kwenye mipangilio ya Gmail, upande wa picha, chagua uulizwe kwanza kabla hazijafunguka. Miye nilizinduka baada ya kumtafutia mama dawa ya magoti, nikaletewa matangazo ya magongo mwezi mzima.